Kwa mdogo wangu aliyeuliza saa tisa usiku

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako ulikuwa na shikamoo na swali moja tu: "Dada, hii sonona nimerithi kwa Bibi?" Nimezunguka nalo wiki nzima. Najua hauko peke yako unayeuliza, kwa hiyo nakujibu hapa bila kukutaja.

Bibi unamkumbuka. Siku nyingine alikaa nyuma ya jiko mpaka chai inapoa, sisi tukikatazwa kumsumbua, eti ana mawazo. Neno sonona, huu ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, hatukulijua.

Wapo waliodhani wamelipata jibu lako. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wanafuatilia maisha ya watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Mwaka 2003, wakitumia takwimu zao walipokuwa na miaka 26, walitangaza kwamba jeni moja, yaani chembe ya urithi, ya mambo ya serotonini, kemikali ya ubongo, ndiyo hufanya misukosuko imwangushe huyu na kumwacha yule. Ikavuma kwelikweli. Kufika 2019, jeni hiyo na nyingine 17 zilizokuwa zikitajwatajwa zikapimwa kwa mamia ya maelfu ya watu. Hazikuwa na uzito zaidi ya jeni zilizookotwa tu ovyo. Miaka kumi na sita ya kusaka, halafu shangazi yetu anaijua sababu kwa kukutazama unavyokula!

Urithi upo, sikufichi. Tafiti za mapacha hukadiria kwamba kama asilimia 37 ya tofauti kati ya watu katika kupata sonona hutokana nao, lakini ni jeni nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo. Kwingine ni maisha yenyewe: misiba, utoto wa vipigo, kukosa kazi, upweke. Wewe mwaka jana ulimzika baba, mkataba ukaisha, ukahamia chumba ambacho hata jirani wa ukutani humjui jina. Halafu unaniambia hakuna kilichokupata.

Na Bibi je? Juzi nimempigia shangazi nikamhoji. Kumbe Bibi alizika watoto wawili kabla baba yako hajazaliwa. Miaka yote tulidhani ndivyo alivyoumbwa, wala hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi nakuja na basi la alfajiri. Jumatatu tunakwenda wote kliniki ya afya ya akili, nimeshaulizia siku zao. Usihangaike kupika.

Na ukikosa usingizi tena saa tisa, usiandike. Piga.

Dada yako