Sahihi ya Darwin chini ya picha: ni wino au ni chapa?

Kati ya picha zote tunazoletewa kukagua, kuna moja inayorudi tena na tena. Mzee mwenye upara na ndevu ndefu, amejifunika vazi zito jeusi. Ni Charles Darwin, aliyepigwa picha na Julia Margaret Cameron mwaka 1868 huko Freshwater, kisiwa cha Wight, Uingereza, familia ya Darwin ilipokuwa imepanga nyumba kwa bibi huyo. Chini yake kuna maneno kwa mwandiko wa Darwin mwenyewe, kwamba picha hii anaipenda kuliko zote alizowahi kupigwa. Kisha sahihi.

Mwenye picha huwa amefurahi sana, nasi hutuuma kumwambia ukweli: mwandiko ni wa Darwin kweli, lakini kalamu yake haikuligusa karatasi hilo. Maneno yale yalinakiliwa kwa litografia, yaani uchapaji wa kutumia bamba la jiwe, na kuchapwa kwenye kadi nyingi. Picha yenyewe ni halisi na ina thamani yake. Ila bei ya sahihi ya mkono ni jambo jingine kabisa.

Macho matupu hayatoshi. Chukua lenzi inayokuza mara kumi. Ncha ya kalamu ya chuma imepasuka katikati, hivyo mkono ukishuka mstari unanenepa, ukipanda unakonda. Chapa huiga hilo, kwa hiyo lisikudanganye. Tazama rangi: wino wa kalamu hujikusanya pale mkono uliposita na kufifia pale ulipokimbia, ilhali chapa ina weusi uleule mwanzo hadi mwisho. Wino wa enzi ile, uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mwaloni, mara nyingi huzeeka ukawa kahawia.

Baada ya wino tunahoji tarehe. Kadi ndogo za picha, carte de visite za Mfaransa Disdéri aliyezisajili mwaka 1854, zilifuatwa na kadi kubwa zaidi, za takriban sentimita 11 kwa 17, zilizoanza kuenea Uingereza mwaka 1866. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alifariki Agosti 1867, akiwa amedhoofika kwa miaka. Ukiuziwa kadi kubwa yenye sahihi yake, uliza maswali mengi kabla ya kutoa pesa. Kuna pia sahihi za kweli zilizokatwa kwenye barua na kugundishwa chini ya picha. Hizo si za kughushi, lakini muuzaji anapaswa kukwambia.

Tafadhali, usiibandue picha kwenye kadi yake: mgongoni ndiko lilipo jina la studio na anwani, na huo ni ushahidi. Usiipeleke kufanyiwa lamination, yaani kufunikwa kwa plastiki inayogandishwa kwa moto. Karatasi yake ni nyembamba, imepakwa ute wa yai, na ule moto hauna marekebisho. Tumeshaletewa mbili za namna hiyo, na hatukuwa na la kufanya.

Ukitaka tukukagulie, anza kwa kututumia picha za simu: mbele, nyuma, na sahihi kwa karibu huku mwanga ukitokea ubavuni. Tutakujibu kama inafaa kuileta mkononi. Ada ni ya ukaguzi, jibu liwe lolote lile, na kitu tulichokikagua hatukinunui.