Kabla hujatuita matapeli, angalia mkia

"Vifaranga wenu wa sato hawakui." Hapa tunapozalisha watoto wa samaki wa kufuga, malalamiko ni hayo hayo kila msimu. Majuzi kaka mmoja wa Misungwi alikuja juu kabisa, anataka hela yake: miezi sita, samaki bado wa kiganja. Tukaenda naye bwawani, tukavuta wavu. Wa kwanza tu kumshika ana madoa ya mviringo, rangi ya chungwa, kwenye lile pezi la chini karibu na mkia. Furu dume huyo, samaki mdogo wa ziwani, na sisi furu hatuzalishi. Kumbe kwetu alichukua mia tano, wengine akajazia kwa vijana wa kokoro, wale wanaokokota nyavu ufukweni, ndoo nzima kwa bei ya soda mbili.

Wakiwa wadogo wanafanana kweli, hasa kwenye maji ya tope. Mweke mmoja kwenye bakuli jeupe. Mtoto wa sato ana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, upande wa nyuma, furu hana. Lakini doa hilo hata ngege na mbiru wanalo, wale sato wenyeji wa Ziwa Victoria kabla sato huyu hajaletwa miaka ya 1950. Hapo ndipo tunaangalia mkia: wa sato una mistari myembamba iliyosimama, imepangika mpaka ukingoni. Sato na ngege huzaa chotara pia, na tukimtilia samaki shaka hatumuuzi.

Haya, tuseme umepata sato halisi wa ziwani. Karibu nusu ni majike. Jike anaatamia mayai mdomoni, siku hizo hali vizuri, na baada ya miezi michache bwawa limejaa watoto wanaogombea pumba. Mama mmoja wa Kisesa alivuna ndoo kwa ndoo za visato vya kukaanga na ugali, hakuna hata mmoja wa kupeleka soko la samaki la Mwaloni.

Wetu tunawalisha chakula chenye homoni tangu wanapoanza kula, wiki tatu hadi nne, wawe madume. Wakikua kidogo tunawageuza tumbo juu kukagua: dume matundu mawili, jike matatu. Ni kazi ya macho na mgongo. Ongeza umeme wa pampu na oksijeni ya mifuko, ndiyo hiyo shilingi 200 kwa kifaranga mnayotulalamikia.

Yule kaka ilibidi akaushe bwawa lote, na sato wetu wakauzwa kabla ya wakati.

Bakuli jeupe lipo mlangoni. Kagua kabla hatujafunga mfuko. Ukishachanganya na wa kokoro, haturudishi hela.