Pesa ni chache, ndiyo sababu msingoje barabara ife

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia. Lakini taarifa yenu ya juzi, ile ambayo maafisa walisema mashimo ya barabara za Eastlands, hapa Nairobi, hayazibwi kwa sababu fedha hazitoshi, imenikera mno. Nilifanya kazi katika vikosi vya ukarabati wa barabara hadi nilipostaafu, na pesa hazikuwahi kutosha hata siku moja. Tulichokuwa nacho ni kujua pa kuanzia.

Adui mkubwa wa lami ni maji. Jua huikausha, ikakakamaa na kupata ufa mwembamba. Mvua za Machi zikianza, maji hupenya hadi kwenye kokoto za chini, zikalegea, na lori likipita lami hubonyea na kubomoka. Ufa huo ungezibwa Januari kwa lami moto na mchanga kidogo. Ukiachwa misimu michache, itabidi kufukua hadi chini na kujenga upya, kwa pesa ambazo zingeokoa mitaa kadhaa ambayo bado ni mizima. Ndiyo maana mwenye mfuko mdogo huanza na barabara inayookoleka: azibue mitaro, azibe nyufa. Iliyokwisha kufa aichonge kwa greda na kuimwagia murram, ule udongo wa changarawe, ipitike, ikisubiri zamu yake. Najua maneno haya yatamuuma mkazi wa barabara hiyo. Ila tukikimbilia tu penye kelele nyingi, pesa zitaishia hapo na barabara nzuri zitaoza tukizitazama.

Wala haya si mageni Kenya. Miaka ya 1970, watafiti kutoka Uingereza walipima barabara zetu hizi hizi kujua jinsi zinavyochakaa, na matokeo yao yakasaidia kutengeneza hesabu za kupanga ukarabati katika nchi nyingi. Elimu ilichumwa kwetu, na sisi ndio hatuitumii.

Mvua zilizopita nilikuta vijana wakiziba shimo karibu na Mutindwa. Shimo lilikuwa limejaa maji. Hawakuyatoa. Hawakukata kingo hadi wafikie lami ngumu, hawakufagia tope, hawakupaka lami nyepesi ya kushikisha. Walimwaga mchanganyiko wao juu ya maji, wakaupigapiga kwa mgongo wa sepetu, basi. Mashine ya kushindilia haikuwapo. Nikamuuliza aliyekuwa akiwasimamia, “Kijana wangu, mbona hamtoi maji kwanza?” Akanijibu kwa heshima, “Mzee, sisi tumetumwa tuzibe, na lori lazima lirudi tupu leo.” Sikumlaumu yeye, maana alitumwa hivyo. Lakini hatua chache kutoka hapo mtaro ulikuwa umezibwa na mifuko na udongo, na hakuna aliyeugusa, ilhali maji ya shimo lile yalitoka humo! Kabla wiki haijaisha kokoto zilikuwa zimetapakaa barabarani, na boda boda ikateleza juu yake ikiwa imembeba mama jirani yangu anayeuza mayai. Aliumia kifundo cha mkono na bidhaa yake yote ikavunjika. Kwenye vitabu vya ofisi, shimo lile bila shaka limeandikwa kuwa limezibwa na pesa zimelipwa. Mama yule naye ni nani atakayemlipa?

Na hawa wachimbaji wa nyaya na mabomba nani huwapa ruhusa? Barabara ikishawekwa lami tu, mtu anaikata katikati, anapitisha bomba lake, anarudisha udongo uliochanganyika na takataka na kwenda zake. Udongo usioshindiliwa hudidimia, maji hupata mlango, na ukarabati wote wa hapo unapotea. Ruhusa isitolewe kabla mchimbaji hajaweka amana, na asirudishiwe mpaka mvua za masika zipite juu ya kazi yake.

Kila anayenunua mafuta analipa ada ya ukarabati wa barabara, iliyopandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Wabunge na magavana wamevutana hadi mahakamani kuhusu Sh10.5 bilioni za ada hiyo. Wagawane watakavyogawana, lakini sehemu ya mitaro na nyufa itengwe kwanza, na isiguswe kwa sababu ya barabara mpya ya kuzinduliwa kwa utepe.

Ombi langu kwa kaunti na KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ni hili. Nje ya kila ofisi ya wadi utundikwe ubao wenye jina la kila barabara ya hapo, mwaka ilipowekwa lami, tarehe ya mwisho mitaro kuzibuliwa na nyufa kuzibwa, na jina la mwanakandarasi. Februari yote iwe ya mitaro peke yake, na vijana wa mtaa waajiriwe kwa kazi hiyo. Kiraka kikifumuka kabla ya mwisho wa Mei, mwanakandarasi arudi akirudie kwa gharama yake, na ubaoni iandikwe kwamba alirudi au hakurudi.

Msimamizi mstaafu wa kikosi cha barabara,
Umoja, Nairobi