Taka za Kongowea: matunda yatengwe na majani

Mhariri,

Wanaotaka taka za soko la Kongowea zigeuzwe kemikali za viwandani wana hoja, ila wengi wao huhesabu tani, ilhali cha kuhesabiwa ni sukari. Tani moja ya majani ya kabichi ina zaidi ya kilo 900 za maji na sukari kama kilo 40 tu. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, zikishamenywa, huwa na mara tatu au nne ya hiyo.

Chukua asidi ya laktiki, ile inayochachusha mtindi. Watengenezaji ngozi huitumia kuondoa chokaa, na ndiyo malighafi ya plastiki ya PLA. Bakteria wake wamo tayari kwenye maganda. Ponda ndizi, maembe na mapapai yaliyolegea, kamua, utie lita 120 za juisi katika pipa la lita 200; nafasi inayobaki ni ya povu. Funika, na mpira wa kutolea gesi uishie ndani ya chupa ya maji, hewa isiingie. Kwa joto letu la Pwani, siku chache zatosha.

Kasheshe ni kwamba asidi huwalemea bakteria wenyewe. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka chini ya 4 (ikishuka, ukali huzidi), kazi hudorora na sukari bado imo. Dawa yake ni unga wa mawe ya matumbawe, ambao sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Kila kilo ya asidi hudai gramu 560 hivi za kaboneti, kwa hiyo juisi hiyo, ikiwa na sukari asilimia 10, itataka karibu kilo 7. Tia kidogo kidogo, ukipima kwa karatasi za pH, nayo ikae kati ya 5 na 5.5. Ukiumwaga wote kwa mpigo, povu litafurika. Kisha pH ikipanda, bakteria wa asidi ya butiriki wataila laktiki yako. Utawajua kwa harufu ya samli iliyovunda. Chokaa ya kupaka ukutani usiiguse, ni kali mno.

Sukari ikiisha, chemsha na uchuje ingali moto. Ikipoa, kalsiamu lakteti huganda kuwa fuwele, na anayechuja baridi huitupa bidhaa pamoja na makapi.

Soko liishie hapo. Kuitoa asidi yenyewe katika fuwele hizo kwahitaji asidi ya salfuriki, na hiyo si kazi ya uani. Tena kila kilo moja ya asidi ya laktiki huacha karibu kilo nzima ya jasi. Viwanda vya saruji hutumia jasi, lakini iliyo safi.

Sukuma wiki na mchicha ziende kwenye mbolea au gesi. Mabaki ya hoteli yenye chumvi na mafuta yasichanganywe kabisa na matunda.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kwa kazi hii haitoshi. Kaunti iweke mapipa yenye vifuniko kando ya wauza matunda, yachukuliwe jioni ile ile. Tunda lililopondeka likilala juani, hamira huigeuza sukari kuwa pombe, kisha bakteria huigeuza pombe kuwa siki, na lori la kwenda jaa la Mwakirunge hubeba maji matupu.

Wanakemia wawili,
Mombasa