Meli za anga zikija, heliamu ya Rukwa itumike hapa

Mhariri, naomba nafasi kidogo.

Nauza samaki soko la Feri, Dar. Mzigo wangu hutoka Kilwa kwa fuso. Mei 2024, mvua zilipoikata barabara ya Kusini pale Somanga, nilikwama kwenye foleni na changu na pweza waliojaa gari. Siku ya pili maji ya barafu yaliyokuwa yakidondoka chini ya bodi yaligeuka mekundu. Ya tatu yakaanza kunuka. Changu niliwagawia akina mama wa pale wakaanike ng'onda. Pweza niliwatupa.

Kwa hiyo habari za kurudi kwa meli za anga, yale maputo makubwa yenye injini, nazisoma neno kwa neno. Kampuni ya Flying Whales ya Ufaransa inabuni moja yenye urefu wa mita 200, ya kubeba tani 60, ipakie na kushusha huku inaelea, bila kuhitaji uwanja wa ndege. Tani 60 ni fuso sita au zaidi. Kwa kilomita 100 kwa saa, Kilwa hadi Dar haifiki saa tatu.

Wenzangu wanaogopa moto, kwa sababu ya Hindenburg iliyoteketea Marekani mwaka 1937, wakafa watu 36. Ile ilijazwa haidrojeni, gesi inayowaka. Za sasa zinatumia heliamu, haiwaki. Mimi naogopa kusi. Mwezi wa saba ngalawa zetu zinashindwa kutoka. Dude la mita 200 litafungwa wapi? Tena likishusha mzigo lazima lipakie maji ya uzito uleule, la sivyo litapaa lenyewe. Haya yanataka wataalamu wetu, wanaozijua pepo za pwani hii.

Mwanangu anasomesha historia. Aliniambia kwamba Novemba 1917 Wajerumani waliirusha meli ya anga L 59 kutoka Bulgaria, na tani zipatazo 15 za risasi na dawa za jeshi lao lililokuwa huku kwetu Kusini. Ilifika Sudan ikaitwa irudi; kwenda na kurudi ilikaa saa 95 angani bila kutua. Kilichonishika ni hiki: ilipangwa isirudi kabisa. Ingefika ingechanwa, kitambaa chake kishonwe mahema, maana huku hapakuwa na gesi ya kuijaza upya.

Leo gesi ipo. Mwaka 2016 watafiti walitangaza heliamu bonde la Rukwa, na visima vimeshachimbwa. Korosho yetu imesafirishwa ghafi miaka na miaka, wakabangua wengine. Naiomba wizara inayohusika itujibu katika ukurasa huu: katika mikataba ya heliamu, kuna fungu lolote lililotengwa kubaki nchini? Na kuna kijana yeyote wa Kitanzania aliyepelekwa kusomea vyombo hivi?

Mama Zuhura,
Kigamboni, Dar es Salaam