Barua kwa mwanangu: mbaazi za bibi yako hazina kosa

Mwanangu,

Marahaba. Juzi kwenye simu umeniuliza mbaazi za bibi huko Masasi mbona zimechanua zikiwa kiunoni tu wakati za mwaka jana zilimpita baba yako kichwa, ukasema labda mbolea. Sio mbolea baba. Bibi yako mbegu zilimchelewa, akapanda mwezi wa pili unaisha, na zile mbaazi za kule hazingoji zirefuke ndo zichanue, zinangoja usiku urefuke. Ikifika mwezi wa tano usiku wa Masasi umeshaupita ule wa Krismasi kwa kama saa nzima, wewe huoni ila mbaazi inaona.

Mimi haya nimeyajulia kazini. Si unajua huku Arusha tunatunza miche mama ya krizanthemamu, tunakata vipandikizi vinaenda Ulaya, sasa ua lile nalo linachanua usiku ukiwa mrefu na huku usiku ni kama masaa 12 mwaka mzima, kwa hiyo ukiliacha tu linatoa vitumba na hapo huna cha kuuza. Ndo maana katikati ya usiku tunawasha balbu, mmea unaona usiku umekatika. Mwaka juzi taima iligoma, upande wangu ukalala giza siku 12 hakuna aliyejua, nikaja kupasua ncha ya mche kwa kucha nakuta kidude cha duara badala ya majani machanga. Nikakatwa hela, na ufunguo wa lile boksi la umeme sijawahi kuushika! Mpaka leo roho inaniuma.

Sasa usiku unapimwaje? Ndani ya seli kuna saa, jeni za asubuhi zinazizima za jioni, za jioni zikipanda zinazizima za asubuhi, mzunguko wa kama masaa 24. Na haiendeshwi na jua, mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, aliuweka gizani mmea wa aina ya kifauongo na bado ukawa unafungua majani mchana na kuyakunja usiku.

Ila saa peke yake haitoshi. Kuna kigugu kimoja, Arabidopsis, ukoo mmoja na sukuma wiki, wanasayansi wamekichokonoa sana. Kina jeni inaitwa CONSTANS, saa inaipandisha jioni jioni, jua likiwa bado lipo protini yake inasalimika, giza likiikuta inavunjwa. Ikisalimika inaiwasha jeni nyingine, FT, na inaiwashia kwenye jani, sio kwenye ncha (hapo ndo nilishangaa), halafu protini ya FT inasafiri kwenye mirija ya sukari mpaka juu kwenye ncha, ikifika kule majani basi, ni maua. Hicho kigugu kinapenda siku ndefu. Mpunga una jeni ndugu za hizohizo ila ile ya kwanza imegeuka, siku ndefu inazuia, fupi inaruhusu, na mbaazi za bibi tabia yake ni hiyo ya mpunga.

Kwa hiyo mwambie asizing'oe, atavuna kidogo tu lakini za kupika na nazi hazikosi. Mbegu za msimu ujao nimeshanunua, natuma na basi mwezi wa 11, nenda kazipokee mwenyewe stendi usimtume mtu, na zipandwe mvua ya kwanza.

Mama yako