Miguu ya meza ya seremala isirudishwe ndani

Mhariri,

Nimesoma kwa makini maelezo ya ukurasa wenu wa ufundi kuhusu kutengeneza meza ya seremala kwa karakana ndogo ya nyumbani. Nimefurahi kwamba jambo hili limepewa nafasi, ila naomba kusahihisha mambo mawili ambayo yatampotezea msomaji mbao na jasho endapo atayafuata kama yalivyochapishwa.

La kwanza ni miguu. Mchoro wenu ulionesha uso wa meza ukitokeza mbele ya miguu kwa sentimita 10, kama ilivyo kwa meza ya kulia chakula. Anayekula huhitaji nafasi ya magoti. Seremala husimama, na mara nyingi hulazimika kuufunga ubao mrefu mbele ya meza, ukingo ukiwa juu, ili aupige randa. Miguu ikiwa usawa mmoja na ukingo wa uso wa meza, ubao huo hubanwa na jiliwa, yaani kibanio kilichofungwa kwenye meza, upande mmoja, na upande wa pili hukaa juu ya kigingi kilichochomekwa katika tundu la mguu, ukiwa umeegemea mguu wenyewe. Miguu ikirudishwa ndani, ncha ya pili haina pa kuegemea, ubao hutetemeka kila randa inapopita, na ukingo hutoka na mawimbi ambayo hayaondoki hata randa inolewe vipi. Fundi Mfaransa André Roubo, alipoichora meza ya seremala katika karne ya 18, aliweka miguu minene iliyolingana na ukingo wa mbele, na sioni sababu ya kuuacha mpangilio huo.

La pili ni uimara. Mwandishi alishauri uso wa plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu iliyoungwa kwa skrubu tupu. Meza yangu ya kwanza niliitengeneza hivyo hivyo. Nilipochimba tundu kwa patasi, uso ulidunda kila nilipogonga, nguvu ya nyundo ikapotea kabla haijaifikia mbao. Na baada ya miezi michache ya kupiga randa, skrubu zilikuwa zimelegea na meza yote ikiyumba kwenda na kurudi. Randa husukuma meza kwa urefu wake, siku baada ya siku, kwa hiyo kinachohitajika ni viungo vya ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja ikichomekwa katika tundu la mwingine, vilivyokazwa kwa kabari au bolti, pamoja na papi pana za chini zinazounganisha miguu ya kushoto na ya kulia kwa urefu wa meza. Uso wenyewe uwe na unene wa sentimita 7 au zaidi, na asiye na ubao mnene anaweza kusimamisha mbao nyembamba kwa ubavu na kuziunganisha kwa gundi. Uzito unaopatikana hapo ni faida, kwani meza nzito haitembei.

Mbao ziwe zimekauka vizuri. Hata zikikauka, zitaendelea kupanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, ilhali urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Uso wa sentimita 60 waweza kusogea milimita kadhaa, na kwa hiyo ukazwe imara upande wa mbele, huku skrubu za nyuma zikipita katika matundu marefu yanayouachia nafasi ya kucheza.

Kuhusu kimo, mwandishi alitoa kipimo kimoja kwa watu wote, jambo ambalo linanishangaza. Mtu asimame wima, mikono ikining'inia, na uso wa meza ufike penye kifundo cha mkono, yaani kile kilicho juu ya kiganja. Anayepiga randa zaidi aishushe kidogo ili atumie uzito wa mwili badala ya mabega. Kwa kazi ndogo za msumeno ataweka sanduku imara juu ya meza, apandishe kazi ifike karibu na macho.

Ningeshukuru sana kama mchoro ungechapishwa upya katika toleo lijalo, miguu ikiwa imesogezwa mbele, kwa ajili ya wale ambao bado hawajakata mbao zao.

Msomaji wenu,
Seremala wa nyumbani